"Dokta, siku hizi sili kabisa!" Dhana potofu kuhusu chakula na dawa za kupunguza uzito

Sentensi hiyo huja na tabasamu. Mtu anakaa, anaweka mkoba chini, ananieleza kwa fahari kwamba tangu aanze sindano anashinda na kikombe cha chai ya rangi, na jioni vijiko viwili vya wali. Kisha ananyamaza akingoja pongezi. Mimi ni afisa lishe (dokta wameniita wenyewe, nimechoka kukanusha), na sentensi hiyo nimeletewa hapa Mwanza na watu wa Nyegezi, wa Kirumba, wa Igoma, wake kwa waume, hadi nimeona niijibu kwa maandishi.

Nazungumzia dawa ambazo mtu ameandikiwa na daktari: semaglutaidi (Ozempic, Wegovy), tirzepataidi (Mounjaro), liraglutaidi (Saxenda), na mwishoni kidogo vidonge vya orlistati. Kama kalamu yako ya sindano umeuziwa na mtu wa WhatsApp, haina boksi wala maelezo, funga hapa uende hospitali kwanza.

"Nisipokula kabisa nitapungua haraka zaidi"

Utapungua, wala sibishi. Ila mzani haukuambii umepungua nini.

Semaglutaidi inaiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1. Inafika kwenye ubongo, panapoamuliwa njaa na shibe, na inachelewesha chakula kutoka tumboni. Tirzepataidi inafanya hivyohivyo, na inaiga homoni ya pili juu yake. Dawa hizi zinanyamazisha njaa. Mwili wenyewe unaendelea kuhitaji protini, maji, madini na vitamini kila siku, isipokuwa sasa hauna sauti ya kudai. Wewe umezoea kula ukisikia njaa. Njaa imenyamazishwa kwa dawa, halafu bado unaisubiri ikuite mezani!

Watu wengi wamesikia matokeo ya utafiti wa STEP 1, uliochapishwa 2021: waliochoma semaglutaidi kwa wiki 68 walipungua wastani wa karibu 15% ya uzito wao. Hapo ndipo wanapoishia kusoma. Kundi dogo la washiriki hao lilipimwa mwili kwa mashine, ikaonekana walipoteza wastani wa kilo 8 na kitu za mafuta, na pamoja nazo kilo 5 na kitu za tishu zisizo mafuta, misuli ikiwemo. Na hao walikuwa wakipewa ushauri wa chakula na mazoezi muda wote. Wewe wa chai ya rangi unategemea kubaki na nini?

Misuli ikiondoka utaijua siku ya kupanda mawe ya Igogo au Mabatini kurudi nyumbani, ukalazimika kupumzika mara tatu pale ulipokuwa unapita ukiongea na simu. Nywele nazo hungoja. Mwili ukikosa chakula ghafla, nywele huanza kukatika miezi miwili hadi minne baadaye, na kufikia hapo lawama zote anabebeshwa msusi. Kupungua kwa kasi kunaongeza pia uwezekano wa kupata mawe kwenye nyongo. Na choo kigumu ambacho kila mtu ananilalamikia, mara nyingi ni kwa sababu hakuna kilichoingia: hakuna mboga, hakuna maji, na dawa yenyewe imepunguza mwendo wa tumbo. Joto la mchana la hapa Mwanza halikusubiri usikie kiu. Kunywa maji kwa kuangalia saa.

Wenye kisukari ndio wanaoninyima usingizi. Mtu anameza glibenklamaidi au anachoma insulini, kaongezewa sindano ya kupunguza uzito, halafu "hali kabisa". Sukari ikishuka anatetemeka, anatoka jasho jembamba, anaweza kuanguka. Ukiwa kwenye dawa ya sukari ya aina hiyo pamoja na sindano hii, daktari wako lazima ajue unakula kiasi gani ili apange dozi upya. Usijipunguzie wala kuacha mwenyewe.

Sasa ule nini. Walio wengi huwa nawapangia gramu 60 hadi 90 za protini kwa siku, nikiangalia umbo na kazi ya mtu (mwenye ugonjwa wa figo ana hesabu yake, aniambie mapema). Na ninataka protini iingie kwanza, kabla ya ugali, kwa sababu tumbo lako sasa linajaa upesi. Ukianza na ugali, samaki anabaki kwenye sahani. Mfano wa siku moja: asubuhi mayai mawili na kikombe cha maziwa mtindi, hapo una kama gramu 20. Mchana kipande cha sato cha gramu 100 kikiwa kimeiva, karibu gramu 25. Jioni konzi ya dagaa wakavu, kama gramu 30 kabla ya kupikwa, wanakupa 15 au zaidi, na nusu kikombe cha maharage kinaongeza kama 7. Umevuka 60 bila kula sahani hata moja iliyojaa.

Dagaa, ndiyo. Wanaonijua wanacheka, maana kwangu kila njia inaishia kwenye dagaa. Lakini niambie ni chakula gani kingine kinachokupa protini nyingi hivyo ndani ya vijiko vichache, na chokaa ya mifupa (kalsiamu) kwa sababu unamtafuna mzima, kwa bei ya kisado cha soko la Mwaloni? Kwa mtu ambaye tumbo lake linakubali matonge matano tu, chakula kidogo chenye uzito ndicho anachohitaji. Waoshe mchanga vizuri, waunge kwa nyanya na kitunguu, mafuta kijiko kimoja. Watu wanapita sokoni pale wakiwa na harufu yake puani, wanakwenda mjini kununua kopo la unga wa protini kwa bei ya kondoo. Unga huo si sumu, na kuna mgonjwa ninayemwandikia kwa sababu hawezi kumeza kitu kigumu. Wewe unayeweza kutafuna, tafuna.

Jingine ni mazoezi ya nguvu. Protini bila kuitumia misuli haitoshi kuilinda. Kuinuka na kukaa kwenye kiti mara kumi na tano, kupumzika, kurudia, kubeba ndoo kwa mikono yote miwili: anza hapo, angalau siku mbili kwa wiki.

"Kichefuchefu ndiyo dalili kwamba inafanya kazi"

Hapana. Kichefuchefu ni athari ya dawa, na kwa kawaida huzidi wakati wa kuanza au dozi inapopandishwa. Ndiyo maana Wegovy inaanza na miligramu 0.25 kwa wiki 4 na kupanda kwa ngazi. Anayeruka ngazi ili "apate matokeo" anajitafutia kutapika.

Mara nyingi chanzo kiko jikoni. Samaki wa kukaanga wa kwenye mafuta mengi, chipsi mayai, sangara mnono: mafuta hukaa tumboni muda mrefu kwa mtu yeyote, na wewe tumbo lako limeshapunguzwa mwendo. Kula mchemsho. Sato wa nyanya, kitunguu na ndimu, mchuzi mwepesi, kidogo kidogo, na usilale papo hapo. Ila ukitapika hadi maji hayakai, au ukapata maumivu makali ya tumbo yanayopenya mgongoni, hapo usinitafute mimi wala usitafute tangawizi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

"Ugali ndio adui"

Ugali haujamkosea mtu. Ulichokuwa unakosea ni mlima wake. Tonge la ukubwa wa ngumi yako linatosha, la dona likipatikana. Ugali wa udaga nao unaruhusiwa, ujue tu kwamba muhogo karibu hauna protini, kwa hiyo usiule na mchuzi mtupu. Anayefuta ugali mara nyingi haweki kitu mahali pake, tunarudi kule kule kwa mtu wa chai ya rangi. Weka mboga: matembele, mchicha, mgagani, na nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa) wakati wa kiangazi. Mlenda ninaupenda hapa kwa sababu unateremka hata siku ambayo koo limekataa kila kitu, na choo kitakushukuru.

"Siku ya sindano nafunga, ili ifanye kazi vizuri"

Semaglutaidi inachukua takriban wiki nzima kupungua nusu mwilini. Jumatatu ipo, Ijumaa ipo. Kukaa na njaa siku moja hakuiongezei chochote.

"Nikifika uzito ninaoutaka naacha, basi"

Washiriki wa STEP 1 waliofuatiliwa baada ya kuacha dawa walirudisha karibu theluthi mbili ya uzito walioupoteza ndani ya mwaka mmoja. Njaa inarudi, na inamkuta mtu ambaye misuli yake imepungua na hajawahi kujifunza kupakua chakula. Najua wengine wataacha kwa sababu fedha imeisha, sindano hizi si za bei ya panadol. Basi njoo mapema, ukiwa bado na kalamu mbili mkononi, tupange sahani yako na tumwone daktari pamoja. Watu huja kilo kumi baadaye.

"Nikimeza orlistati naweza kula chipsi, mafuta yatatoka yenyewe"

Yatatoka, na hutapenda yanavyotoka. Orlistati inazuia takriban 30% tu ya mafuta uliyokula yasifyonzwe. Hayo huteremka moja kwa moja, na kadiri ulivyokula mengi ndivyo utakavyokimbilia chooni, au usikiwahi. Kwenye daladala ya Buzuruga si mahali pa kulijulia hilo. Kidonge kinaendana na chakula chenye mafuta kiasi, na mlo usio na mafuta hauhitaji kidonge. Kwa kuwa inapunguza pia ufyonzwaji wa vitamini A, D, E na K, wengi huandikiwa vidonge vya vitamini: meza vyako usiku unapokwenda kulala, angalau saa mbili baada ya orlistati ya mwisho.