Mbwa jike hakushika mimba? Anza na siku aliyohimilishwa

Mama mmoja mfugaji kutoka Ruai alituletea jike wake aina ya German Shepherd akiwa amekata tamaa. Misimu miwili mbwa huyo alikuwa amehimilishwa, yaani kuwekewa mbegu za dume kwa sirinji bila kupandwa, na hakuzaa hata mtoto mmoja. "Daktari, siku nilihesabu vizuri kabisa," akaniambia, akafungua daftari. Kweli alikuwa amehesabu. Damu ilipoonekana aliandika tarehe, siku ya 11 akamwita kijana mwenye sirinji, na siku ya 13 kijana akarudi tena.

Msimu uliofuata tulimpima damu. Siku hiyo ya 13, projesteroni, homoni inayopanda mayai yanapokaribia kutoka, ilikuwa nanogramu 1.4 tu kwa mililita. Mayai yalitoka siku ya 18. Kwa kuwa mbwa wengi huingia kwenye joto mara mbili kwa mwaka, mama huyu alikuwa amepoteza mwaka mzima kwa kuamini hesabu ya daftari.

Naelewa kosa hili linatoka wapi. Wengi wetu tumejua uhimilishaji kupitia ng'ombe: akionekana na joto asubuhi, jioni anahimilishwa. Mbwa hafuati kanuni hiyo. Yai lake hutoka likiwa bado changa, na huchukua siku mbili hadi tatu kukomaa ndani ya mrija wa uzazi kabla halijaweza kupokea mbegu. Tena majike hawafanani: mmoja mayai hutoka siku ya 9, mwingine siku ya 20 imepita na bado. Ndiyo maana tunapima damu kila baada ya siku mbili. Projesteroni ikifika karibu 2, mwili umeanza kujiandaa kuachilia mayai. Ikifika karibu 5, mayai yanatoka, na kuanzia hapo tunahesabu siku mbili au tatu, ndipo tunahimilisha.

Aina ya mbegu nayo ina uzito wake. Mbegu mbichi zinaweza kuishi ndani ya jike siku tano au zaidi, kwa hiyo ukikosea siku moja bado una nafasi. Zilizopoozwa kwenye nyuzijoto 4 au 5 hudumu siku chache. Zile zilizogandishwa ndani ya naitrojeni ya majimaji, kwenye nyuzijoto 196 chini ya sifuri, zikiyeyushwa huishi takriban siku moja tu, mara nyingi hata haifiki. Kuagiza mbegu za namna hiyo kutoka ng'ambo bila kupima damu ni kutupa pesa.

Kazi yenyewe si ngeni. Katika karne ya 18 padre Mwitaliano, Lazzaro Spallanzani, alihimilisha mbwa jike, na baada ya siku 62 akazaa watoto watatu. Ugumu uko kwenye mambo madogo. Shahawa ya dume hutoka kwa awamu tatu: ya kwanza maji maangavu, ya pili nyeupe kama maziwa, ya tatu maji ya tezi dume. Mbegu zimo kwenye ile nyeupe. Asubuhi ya Julai hapa Nairobi mimi huishika chupa yake ndani ya kiganja, kwa sababu baridi ya ghafla huziumiza. Tone la maji huziua. Hata sirinji yenye mpira ndani inaweza kuziharibu. Chini ya hadubini natarajia angalau asilimia 70 ziwe zinaogelea kwenda mbele.

Mbegu mbichi huwekwa kwa mrija mrefu karibu na mlango wa kizazi, kisha tunainua makalio ya jike kwa dakika kumi hivi. Zilizogandishwa lazima ziingie ndani ya kizazi chenyewe, na siku hizi hilo hufanyika kwa kamera nyembamba bila kisu. Kumpasua mbwa tumbo kwa ajili ya kuhimilisha mimi sikubali. Uingereza madaktari wa mifugo hawaruhusiwi kufanya hivyo.

Kabla ya yote, dume na jike wapimwe brusela ya mbwa, ugonjwa unaoletwa na bakteria. Uhimilishaji huepusha ule uvimbe wa sehemu za siri ambao mbwa huambukizana wakipandana, lakini brusela hupita ndani ya shahawa, huharibu mimba, tiba yake ni ngumu, na binadamu pia huipata.

Na kama dume amekataa kumpanda jike, tafadhali usikimbilie sirinji. Huenda nyonga zinamuuma. Huenda jike anamng'akia kwa sababu siku zake hazijafika, na yeye anajua kuliko daftari.

Jike wa Ruai tulimhimilisha siku ya 20 na ya 21. Wiki nne baadaye, kwenye ultrasaundi, yule mama mfugaji alihesabu vifuko vya mimba kwa kidole kwenye kioo, akarudia kuhesabu. Nikampa tarehe ya kujifungua: siku 63 tangu mayai yatoke. Safari hii aliiandika kwenye daftari mbele yangu.