Kwa nini sauti hukata kona na mwanga haukati

"Mwanangu, ngoma tunaisikia vizuri, ila neno la mhubiri hatulipati."

Mama aliyeniambia hivyo alikuwa ameketi upande wa pembeni wa kanisa moja hapa Kisumu, jengo lenye umbo la herufi L, ambako nilikuwa nimefunga spika siku iliyotangulia. Nilikwenda kuketi karibu naye, nikakuta ni kweli. Besi ilijaa tele. Lakini s, f na sh zilikuwa zimebaki ng'ambo ya kona.

Wengi huamini kwamba sauti hupinda kwa kuwa ni hewa inayotikisika, na mwanga haupindi kwa kuwa ni kitu cha namna nyingine. Sivyo. Vyote viwili ni mawimbi, na kila wimbi hupinda likipita ukingoni mwa kitu. La kuangalia ni urefu wa wimbi, yaani umbali kutoka kilele hadi kilele, ukilinganishwa na upana wa mlango linamopita. Wimbi refu likipenya mlango mwembamba husambaa pande zote. Fupi hunyooka kama mshale.

Tupige hesabu. Hewa ikiwa na nyuzijoto 20, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo besi ya hezi 100, yaani mitikisiko 100 kwa sekunde, ina wimbi la mita 3.4. Mlango wa kawaida haufiki upana huo, basi besi hutoka hapo na kuenea kila mahali. Nguvu nyingi ya s iko juu ya hezi 4,000, ambako wimbi halizidi sentimita 9. Kwake mlango uleule ni lango pana, nayo hupita moja kwa moja. Ndiyo maana matatu ikiwa bado nyuma ya majengo pale Kondele unasikia mdundo tu, halafu maneno ya wimbo yanakufikia ikishachomoza. (Kuta nazo husaidia kwa kuirudisha sauti, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Mawimbi ya mwanga tunaouona yana urefu wa nanomita 400 hadi 700 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Unene wa unywele mmoja hubeba zaidi ya 100 ya hayo. Mwanga ukifika mlangoni hupinda, ila kidogo mno kwa jicho.

Mwaka 1818 mwanafizikia Mfaransa Augustin Fresnel alipeleka nadharia yake ya mawimbi ya mwanga kwenye shindano la Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Mwamuzi mmoja, Siméon Poisson, akaipinga: kama ni kweli, katikati ya kivuli cha kisahani cha mviringo pangekuwa na nukta ya mwanga! Mwamuzi mwenzake, François Arago, akajaribu. Nukta ilikuwepo. Kila nikiikumbuka habari hiyo moyo hunifurahi.

Ukitaka kujionea, usiku tazama taa ya mbali kupitia kitambaa cha mwavuli mweusi. Utaona nukta zimejipanga kama msalaba, kwa sababu matundu kati ya nyuzi ni madogo vya kutosha kuupinda mwanga.

Kule kanisani sikuongeza sauti. Nilitundika spika mbili ndogo zikiwatazama waliokaa pembeni, nikazikata besi maana ilikuwa imeshafika, kisha nikazichelewesha milisekunde 50, kwa kuwa spika kubwa zilikuwa umbali wa mita 17 na huo ndio muda sauti yake huchukua kufika hapo.