Tetemeko Likipita, Usikimbilie Saruji

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la ukubwa wa takriban 6 lilitokea chini ya Bahari ya Hindi, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam. Pwani yetu nayo hutikisika. Majengo yake ya kale, kuanzia misikiti ya Kilwa Kisiwani hadi nyumba za Mikindani, ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizi hubeba mzigo wa juu bila taabu; zikisukumwa ubavuni ndipo zinaposhindwa.

Baada ya tetemeko, mkaguzi wa majengo haya huanza nje, akisimama mbali na ukuta, maana mitetemo midogo hufuata na mawe yaliyolegea huanguka. Kazi ngumu ni kutambua ufa mpya. Magofu ya Kilwa yana nyufa za miaka mingi zilizoletwa na chumvi, mawimbi na mizizi ya miti. Ufa wa zamani una vumbi, ukungu, hata utando wa buibui. Mpya una kingo kali na chokaa safi ndani. Asiyetofautisha atalisingizia tetemeko kazi ya mizizi.

Nyufa za mshazari zinazokatana kati ya madirisha mawili hutisha macho, lakini mara nyingi ukuta huo bado umesimama imara. Mimi huhofia zaidi ufa wa wima penye pembe, unaopanuka kadiri unavyopanda. Hapo kuta mbili zimeachana, na mmoja unaweza kuangukia nje wakati wowote. Tazama pia ncha za boriti za mikoko: zikiwa zimechomoka ukutani, usipite chini ya dari hiyo. Ukuta uliotokeza tumbo nao ni wa kuogopwa, kwa kuwa kuta nyingi zina nyuso mbili zilizojazwa kokoto na chokaa katikati, na nyuso hizo huweza kuachana.

Tafadhali, usizibe ufa kwa saruji. Ni ngumu kuliko matumbawe na hufungia unyevu ndani, kisha chumvi humega jiwe lenyewe. Tena inafuta ushahidi. Ikiwa pembeni mwa ufa ni salama kufika, chora alama kwa penseli kwenye ncha zake mbili na uandike tarehe; ufa ukivuka alama hizo, jengo bado linasogea.

Mawe yaliyoanguka yapigwe picha na yaachwe yalipo hadi fundi wa majengo ya kale afike. Jiwe la tao huchongwa kwa ajili ya nafasi yake, na likichanganywa kwenye rundo la kifusi, tao hilo litajengwa upya kwa kubahatisha.