"Spishi mpya" ya kinyonga: upya wake uko wapi?

Ikitangazwa kwamba wanasayansi wamegundua spishi mpya ya kinyonga, hakosi mtu wa kuguna: mpya vipi, na wenyeji wanapishana naye vichakani tangu enzi za mababu? Ana haki ya kuguna. Upya unaosemwa si wa mnyama, ni wa daftari. Spishi huhesabiwa mpya pale inapochapishwa kwa mara ya kwanza ikiwa na jina la kisayansi na maelezo ya kuitofautisha na jamaa zake.

Kumwona ni siku moja, kumweleza ni miaka. Brookesia nana wa Madagaska, ambaye dume lake lina milimita 13.5 tu bila mkia, alikusanywa mwaka 2012 lakini jina lake likachapishwa 2021. Kinyonga wa msitu wa Magombera, katika bonde la Kilombero, Tanzania, alifika mikononi mwa mtafiti kwa njia ya ajabu: nyoka aliyekuwa akimla alishtuka, akamtema. Kinyongia magomberae aliingia kwenye daftari mwaka 2009. (Kinyongia, jina la kundi la spishi zilizo jamaa, ni "kinyonga" wetu huyu huyu, aliyevalishwa Kilatini mwaka 2006.)

Kazi iko kwenye kulinganisha. Rangi, ambayo sisi wengine tungeikimbilia kwanza, ni shahidi asiyeaminika: kinyonga hubadilika kwa joto, hasira na uchumba, na akihifadhiwa kwenye spiriti hupauka. Kwa hiyo watafiti hupima pembe za puani, umbo la kichwa na mpangilio wa magamba, kisha huchunguza kiungo cha uzazi cha dume, ambacho mara nyingi hutofautiana hata kwa spishi zinazofanana kama mapacha. Siku hizi huongezwa DNA.

Baada ya hapo huteuliwa mnyama mmoja awe holotaipu, yaani kielelezo kinachobeba jina. Huhifadhiwa, kwa kawaida kwenye makumbusho, na mtu yeyote akibisha baadaye, ubishi hurudishwa kwenye kielelezo hicho. Jina lenyewe huchaguliwa na waandishi wa maelezo. Laweza kutokana na mahali, kama Magombera, au kumheshimu mtu: Kinyongia msuyae, wa mwaka 2015, alipewa jina la Charles Msuya, mtaalamu wa Kitanzania wa wanyama watambaao.

Lakini daftari nalo hukosea. Kinyonga mmoja wa pembe mbili wa milima ya Usambara alipewa jina multituberculata mwaka 1913, kisha kwa miaka mingi akahesabiwa kuwa ni aina tu ya spishi nyingine, Kinyongia fischeri. Mwaka 2008 watafiti walilinganisha upya vinyonga hao, wakaona ni spishi inayojitegemea. Huyo hakuitwa mpya. Alirudishiwa jina lake.