Kupima Kishindo: Si Urefu wa Kuanguka, ni Namna ya Kusimama

Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, roketi ya Scout iliipeleka angani setilaiti ya Uhuru. Mtazamaji huona moto na moshi. Mhandisi wa vipimo huwaza bodi za saketi zilizomo ndani.

Roketi nyingi hutenganisha vipande vyake kwa baruti, na kishindo chake husafiri ndani ya chuma kwa maelfu ya g, yaani maelfu ya mara ya mvutano wa dunia, kisha hutoweka baada ya milisekunde chache. Kifaa cha kwenda huko lazima kipigwe kwanza hapa chini.

Mashine ya kukipiga haina makuu: meza nzito ya chuma, kifaa kikiwa kimefungwa juu yake, hupandishwa kwa kapi kati ya nguzo mbili, huachiliwa, hugonga fuawe. Vijana wanaokuja karakanani huuliza mbona tusiinue juu zaidi. Hesabu inajibu. Ikianguka mita 1.25, meza hufika chini kwa kasi ya karibu mita 5 kwa sekunde. Ikisimama kwa milisekunde 1, wastani ni kama g 500. Ikisimama kwa sehemu ya kumi ya hapo, ni g 5,000. Kufika huko kwa urefu peke yake kungedai mnara wa mita 125!

Kwa hiyo akili yote iko kwenye kipande cha mpira juu ya fuawe. Kinene hurefusha kishindo, chembamba hukifupisha. Joto nalo huulainisha, kwa hiyo kipimo cha alfajiri na cha saa nane mchana, kwa jua letu hili, huenda visilingane. Chuma kwa chuma? Utapata mlio mwingi kuliko kipimo. Tena weka breki ya kuidaka meza ikidunda, isigonge mara ya pili.

Sensa, yaani kipimio kinachohisi kishindo, ifungwe karibu na kifaa, na isomwe angalau mara 100,000 kwa sekunde. Inayosoma polepole hukata kilele cha kishindo na kukupa matumaini ya bure. Mimi ningepunguza bajeti ya meza kabla ya kugusa ya sensa. Bolti iliyolegea nayo hugonga kivyake na kuchafua kila kitu.

Kinachovunjika aghalabu hakionekani: lehemu imepata ufa, au kapasita ya kauri, kipande kidogo cha bodi kinachotunza chaji ya umeme. Mafundi wa simu mjini wanaijua bodi inayowaka ukiibonyeza na kuzimika ukiiachia. Ndiyo maana bodi hupigwa ikiwa imewashwa, huku waya zikifuatilia kila kiungo: ufa unaweza kufunguka wakati wa pigo na kujifunga tena kabla hujaifungua bodi kutoka mezani.