Je, wajua kwa nini kitanda cha daladala cha mtoto kinaanza na godoro na sio na daladala?

Mwanangu wa miaka 4 alitaka kitanda cha daladala. Sio gari la mbio, hapana, daladala kabisa, yenye mlango wa konda na kibao cha njia juu ya kioo cha mbele. Useremala nilikuwa sijawahi kufanya, nikachukua kalamu nikaanza kuchora tairi, na karibu kila anayeanza huanzia hapo hapo, anachora gari likapendeza halafu ndo anatafuta godoro la kuingia ndani yake, na godoro haliingii, au linaingia linaacha pengo pembeni la kutosha mguu wa mtoto.

Ukweli ni kwamba daladala haibebi kitu chochote. Kinachombeba mtoto ni kitanda cha kawaida kabisa, kile kile cha bibi zetu, na gari ni ganda limefungwa kwa nje. Uzito unashuka hivi: mtoto yuko juu ya godoro, godoro juu ya chaga, chaga zinakalia mbao ndogo ya mbili kwa mbili iliyogundishwa na kupigwa skrubu upande wa ndani wa mfumbati (ule ubao mrefu wa ubavuni), mfumbati unashikwa na matendegu, yaani miguu ya kitanda, matendegu yako sakafuni. Ukiielewa hiyo njia ya uzito umeshaelewa kitanda, chochote utakachokibandika nje iwe jahazi, treni au nyumba ya sungura ni urembo.

Kwa hiyo nunua godoro kwanza, lilete nyumbani, ulipime mwenyewe kwa tepu. Limeandikwa futi 3 kwa 6 lakini usiamini maandishi, magodoro ya sponji huwa yanapishana kidogo. Ndani ya fremu ongeza nusu inchi tu upana na nusu inchi urefu, ya kupenyeza shuka. Vikiingia zaidi ya vidole viwili kati ya godoro na mbao, nafasi imezidi. (Haya yote ni kwa mtoto aliyeshatoka kwenye kitanda cha kichanga, wa chini ya mwaka mmoja hahusiki hapa.)

Chaga sasa. Godoro la futi 6 ni inchi 72, ukitumia chaga 13 za upana wa inchi 3, zinabaki nafasi 12 za inchi 2 na robo tatu kila moja, hapo sponji haizami katikati. Mimi nilitumia paini unene wa inchi 1, na nikapitisha mti mmoja katikati kutoka kichwani hadi miguuni wenye tendegu lake la kati, kwa sababu mtoto halali tu, anaruka, na anayeruka anapiga chaga kwa nguvu kuliko mtu mzima aliyejilaza.

Halafu kwa nini vitanda vingi vinaanza kulia kwii kwii baada ya miezi mitatu? Ni kwenye kona. Mbao ni nyuzi ndefu zimelala pamoja, skrubu ikipita kwa kuzikata nyuzi inashika vizuri, ila ukiipiga kwenye kichwa cha ubao, pale nyuzi zinapoishia, inaingia katikati ya nyuzi na kadiri kitanda kinavyotikiswa inajichimbia nafasi mpaka inalegea. Ndo maana mfumbati na tendegu vifungwe kwa boliti na nati, tena siku ya kuhama unafungua kinapita mlangoni. Na skrubu zote zitobolee kwanza kwa drili, tundu jembamba kuliko skrubu yenyewe, la sivyo paini inapasuka mbele ya macho yako.

Ganda lenyewe nilikata kwenye plaiwudi. Karatasi moja ya futi 8 kwa 4 inatoa pande zote mbili ndefu na mabaki yanatosha tairi. MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) ni laini kukata na inapakika rangi vizuri sana, ila ikinywa maji inavimba na hairudi, na mtoto wa umri huu bado kuna usiku anakojoa. Vipimo vyangu: juu ya chaga inchi 7 kutoka sakafuni, godoro inchi 6, jumla 13, ganda likaishia inchi 18. Maana yake inabaki kingo ya inchi 5 juu ya godoro, inamzuia asibiringike akaanguka.

Madirisha usiyatoboe! Nilitaka sana kuyatoboa. Tundu lenye upana kati ya inchi 3 na nusu na inchi 9 ni hatari kwa mtoto mdogo, mwili unaweza kupenya kichwa kikanasa, na dirisha zuri la daladala linaangukia humo humo. Yachore kwa rangi, abiria ndani uwachore pia, atafurahi vile vile.

Mlango ndo unakatwa kweli, ndo pa kupandia. Mimi niliuchora kulia, mwanangu akaniambia baba, konda anakaa kushoto. Alikuwa sahihi, kwetu tunaendesha kushoto na abiria wanashukia kushoto. Ukisimama ukautazama ubavu wa kushoto wa gari, pua iko kushoto kwako, kwa hiyo upande wa kulia ukaenda ukutani, mchago, upande wa kichwa, ukawa nyuma ya gari, miguu inaelekea kwenye usukani, na lile pengo la mlango likawa karibu na miguu, mbali na kichwa, ambako ndo nilitaka liwe.

Kwenye rangi usibane hela. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi, yaliyomo kwenye baadhi ya rangi, kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na watoto wanatafuna kingo za kitanda, nimeona alama za meno kwenye za kwangu. Chukua kopo lililoandikwa halina risasi, piga msasa kingo zote mpaka ziwe mviringo, kisha acha kitanda siku kadhaa chumba kikiwa wazi kabla hajalala.

Paa sikuweka, na sababu ni mbili, angelipanda, na chandarua. Chandarua lazima kichomekwe chini ya godoro pande zote, paa linakizuia na ncha zake zinakichana. Kining'inizwe kutoka darini kwenye pete, kinashuka ndani ya ganda. Kibao cha njia nimekipigilia ukutani juu ya miguu yake, ameandika mwenyewe herufi anazozijua.