Je, wajua kwa nini idadi ya wenye njaa hutegemea namna swali lilivyoulizwa?

Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, wadadisi walizunguka katika wilaya 7 za Tanzania wakiziuliza kaya zipatazo 4,000 zinakula nini na zinatumia kiasi gani. Kaya zilipatikana kwa bahati nasibu, kisha kwa bahati nasibu tena zikagawanywa katika makundi 8, na kila kundi likaulizwa kwa namna yake. Nchi ilikuwa ile ile, msimu ule ule, bei zile zile sokoni. Lakini watafiti walipopiga hesabu ya watu wasiopata chakula cha kutosha, namna moja ya kuuliza ilitoa asilimia 19, na nyingine ikatoa asilimia 68.

Hapo hakuna aliyedanganya. Ili kuelewa kilichotokea, twende jikoni kwanza.

Tuseme ni Muleba, mkoani Kagera, saa nne asubuhi. Mdadisi anabisha hodi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu, karibu ukae.”

Baada ya utambulisho na ridhaa, anafungua dodoso. “Mama, katika siku 7 zilizopita, kaya hii ilikula ndizi za kupika kiasi gani?”

Mama anatazama mgombani. Ndizi zile hakuzinunua, alizikata mwenyewe, na mkungu mmoja haulingani na mwingine. Jumapili shemeji alikuja na watoto wake wakala hapo. Mumewe siku mbili alikula kwa mama ntilie huko kazini, hakusema alikula nini. Kijana mkubwa hununua maandazi njiani kwa hela yake. Dagaa alinunua fungu Jumatatu na fungu jingine Alhamisi, ila la Alhamisi lilikuwa dogo kwa bei ile ile. Yote hayo anatakiwa ayajumlishe kichwani kwa dakika moja, kwa sababu dodoso refu lilikuwa na aina 58 za vyakula, na ndizi ni mojawapo tu.

Sasa badilisha kitu kimoja: muulize siku 14 badala ya 7. Atasahau zaidi. Muulize kuhusu “mwezi wa kawaida”, naye itabidi aubuni mwezi ambao haujawahi kutokea. Fupisha orodha ibaki na mafungu 11 ya jumla, na karanga alizotafuna jioni hazina pa kuandikwa. Au usimuulize kabisa: mpe kila mtu mzima daftari aandike mwenyewe kila alichokula kwa siku 14, na mdadisi awe anapita mara kwa mara kukagua. Utafiti ule wa Tanzania ulifanya hayo yote: namna 5 za kukumbuka na 3 za kuandika shajara.

Daftari la kila mtu mzima ndilo lililochukuliwa kuwa kipimo cha kulinganishia mengine. Kumbukumbu za mdomo zilionyesha matumizi madogo kuliko daftari hilo, na pengo lilikuwa kubwa zaidi kwa kaya maskini na kwa kaya zenye watu wazima wengi. Sababu ya hilo la mwisho umeshaiona: ni yule baba kwa mama ntilie na yule kijana wa maandazi. Mhojiwa mmoja hawezi kuwa na macho ya nyumba nzima. Daftari moja la familia nalo lilikuwa na kasoro zake, hasa kwa wakazi wa mijini na kwa kaya zisizojua kusoma na kuandika.

Kwangu mimi, neno zito hapo ni hilo la kaya maskini. Kama kosa la kipimo lingekuwa sawa kwa kila mtu, tungeweza kulirekebisha kwa hesabu nyepesi. Lakini linamwangukia zaidi yule yule ambaye utafiti mzima ulianzishwa kwa ajili yake.

Kumbukumbu haikosei upande mmoja tu. Mwaka 1964, John Neter na Joseph Waksberg walichapisha utafiti wa Marekani kuhusu matumizi ya ukarabati wa nyumba, wakaonyesha kwamba watu huyasogeza mambo ya zamani karibu: paa lililotengenezwa miezi kadhaa nyuma linatajwa kana kwamba ni la mwezi uliopita. Dawa yao ilikuwa kumtembelea mtu mara mbili, ili ziara ya pili iulize tu yaliyotokea tangu ziara ya kwanza. Dawa nzuri, ila inataka nauli na posho mara mbili.

Mkoani Mara, mwaka 2014, jambo kama hilo lilionekana kwenye kilimo. Baadhi ya kaya ziliulizwa kila wiki kwa msimu mzima nani alilima shamba lipi na kwa saa ngapi. Nyingine ziliulizwa mara moja, baada ya mavuno. Waliosubiri mpaka mwisho walitaja saa nyingi zaidi kwa kila mtu katika kila shamba, hadi mara nne ya zile zilizoandikwa kila wiki. Mkulima akikumbuka msimu, anakumbuka zile siku za jembe kutwa nzima, na siku alizokwenda msibani au kliniki zinapotea. Ukigawanya mavuno yake kwa saa hizo, utamtangaza kuwa mzalishaji duni, kumbe kosa ni la dodoso.

Hata swali la nani anajibu lina uzito. Jaribio jingine nchini Tanzania lililinganisha majibu ya mtu mwenyewe na yale ya kujibiwa na mwanakaya mwingine, na maswali mafupi ya ajira na maswali marefu. Kiwango cha watu wanaofanya kazi kilitofautiana kwa hadi pointi 10 za asilimia kati ya namna hizo. Maswali mafupi yaliwapunguza wanawake kwenye takwimu za kazi. Muulize mama “unafanya kazi?” atakujibu hapana, yupo nyumbani tu. Muulize kama wiki hii alipalilia, aliuza mboga au alisuka mikeka ya kuuza, ndipo utaiona kazi yake.

Basi nani hulipia kuchunguza maswali yenyewe? Hapa ndipo pagumu. Mfadhili wa chanjo anataka kujua watoto wangapi wamechanjwa; ukimwomba fedha za kupima kama swali lako kuhusu chanjo linaeleweka, anaona unamchelewesha. Ndiyo maana kazi hii imestawi pale ilipotengewa fungu lake. Benki ya Dunia ilianzisha mwaka 1980 mpango wa kupima hali ya maisha ya kaya, na uboreshaji wa namna ya kupima ukawa sehemu ya kazi yake. Uingereza ilianzisha mwaka 2004 kituo cha taifa cha mbinu za utafiti wa jamii, makao yake Chuo Kikuu cha Southampton, kwa fedha za baraza lake la utafiti wa uchumi na jamii. Njia nyingine ni kupachika jaribio dogo ndani ya utafiti mkubwa, sehemu ya kaya ziulizwe kivingine.

India ilijifunza uzito wa jambo hili katika miaka ya 1990. Ilijaribu kuuliza matumizi ya chakula kwa siku 7 badala ya 30 iliyozoeleka, na idadi ya maskini ikashuka kwa takriban nusu kwenye karatasi, bila sahani ya mtu yeyote kuongezeka. Wachumi, akiwemo Angus Deaton, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, walitumia miaka kubishana na kurekebisha hesabu zile.

Na fedha zikikatika, hukatika vibaya. Tafiti za demografia na afya, ambazo Kenya, Tanzania na nchi nyingine nyingi zimezitegemea kujua vifo vya watoto na afya ya uzazi, zilikuwa zikifadhiliwa zaidi na shirika la misaada la Marekani tangu 1984. Mapema mwaka 2025 mpango huo ulisimamishwa. Faida yake kubwa ilikuwa kwamba maswali ya msingi yalikuwa yale yale nchi hadi nchi, mwaka hadi mwaka, kwa hiyo tofauti ya namba ilikuwa na nafasi nzuri ya kuwa tofauti ya maisha kweli.

Kazi yenyewe ya kuboresha maswali, ukiiona, haina fahari yoyote. Mtu anakwenda sokoni na mzani, ananunua fungu la nyanya, sado la viazi, kikombe cha dagaa, anapima kila kimoja na kuandika gramu. Anavipiga picha, fungu dogo, la kati na kubwa, picha zinaingia kwenye kitabu cha mdadisi. Siku ya mahojiano mama wa Muleba hatafuti tena kilo asizozijua. Anaweka kidole kwenye picha: “Lilikuwa kama hili.”